Sofa Iliyokufa kwa Heshima

Ersilia alikuwa amejaza misumari midogo mdomoni, kwa hiyo Gaudenzio alikuwa anashinda ubishi.

"Mimi nasema miguu bado," alisema, huku ameuvuta ukingo wa kitambaa kwa mikono miwili juu ya mgongo wa sofa ili mwenzake apate kuupigilia. "Simama pale dirishani uone. Mguu wa kushoto una rangi ya chai, wa kulia una rangi ya kahawa. Mtu atadhani fundi alikuwa na homa. Niipige msasa tena, niipake mafuta, tungoje ikauke. Na kwa ukungu huu wa Novemba, mafuta hayana haraka. Unasemaje?"

"Mm," alisema Ersilia.

"Nilijua utakubali."

Ersilia alichukua msumari kwenye midomo kwa ncha ya nyundo yake ya sumaku, akaupiga. Pigo moja, msumari mmoja. Alikuwa mwanamke mwembamba, mvi zake kazibana nyuma kwa penseli, na hapakuwa na nyumba ya maana pale mjini Meda isiyo na kiti kilichopita mikononi mwake. Msumari wa mwisho ulipoingia, alijifuta midomo kwa mgongo wa mkono.

"Miguu ina rangi moja," akasema. "Macho yako ndiyo yana rangi mbili."

Gaudenzio akanyamaza. Alikuwa na sababu ya kunyamaza, na sababu hiyo ilikuwa imefunikwa kwa shuka jeupe pale pale kwenye kalio la sofa, chini ya pua ya Ersilia.

Siku ya Mtakatifu Martino ilikuwa inakaribia. Pande zile, tangu zamani za wakulima wa kupanga, hiyo ndiyo siku ya watu kuhama. Mikataba inaisha, mikokoteni inapakiwa vitanda na kuku, na hata leo mtu akihama mwezi wowote watu husema amefanya San Martino. Mwaka huo ilikuwa zamu ya Ersilia. Mwenye nyumba alikitaka chumba chake kwa ajili ya mjukuu anayeoa, na Fulvio, mwana wa pekee wa Ersilia mwenye kazi bandarini Genova, alishamwandalia mama yake pa kulala, ghorofa ya tano, dirisha linatazama ukuta.

"Nikimaliza sofa yako naondoka," alikuwa amemwambia Gaudenzio siku ya kwanza ya kazi. "Lakini nikishaianza, naimaliza. Sijawahi kuacha kazi katikati, na sitaanza uzeeni."

Maneno hayo yalikusudiwa kumtuliza mwenye sofa. Yalimtuliza vingine kabisa. Gaudenzio alikuwa mchonga mbao tangu utotoni, mtu wa kuona jambo kama mchoro. Akaliona hili nalo: ikiisha, anaondoka. Basi isiishe.

Tangu hapo sofa ile iliandamwa na mikosi ambayo haijapata kuonekana katika historia ya useremala. Gundi iliachwa wazi ikaganda. Sindano nene ya kushonea ngozi ilipotea, ikaja kuonekana kwenye kopo la sukari, mahali ambapo, alivyosema Gaudenzio, panya huenda waliipeleka. Miguu ilipigwa msasa, ikapakwa mafuta, ikakauka, ikapigwa msasa tena, mpaka Ersilia akauliza kama nia ni kutengeneza sofa au vijiti vya kuchokolea meno. Kila mara alitazama, akatikisa kichwa, akaanza upya pale palipoharibika. Hakulaumu. Gaudenzio alijisifu moyoni kwa ujanja wake, na usiku akalala vibaya.

Alfajiri ya leo alikuwa amevuka mpaka. Jana Ersilia alikuwa amefunga mikanda ya mpira, ile inayobeba uzito wote wa mkaaji, na akaenda nyumbani ameridhika. Gaudenzio aliingia karakana kabla hajanywa hata kahawa, akang'oa mikanda yote, akiwa na nia ya kusema mpira wa siku hizi si mpira. Ilipotoka yote mkononi mwake, mirefu, imelegea kama nyoka waliokufa, aliona aibu. Akaanza kuirudisha mbiombio. Hajamaliza vizuri akasikia kengele ya baiskeli ya Ersilia uani. Akapiga misumari iliyobaki, akatupa shuka juu, akasimama mbele ya sofa na uso wa mtu aliyekuwa anasali.

Lile shuka lenyewe lilikuwa na cheo chake. Sofa na shuka vilikuwa na umri mmoja.

Sofa waliitengeneza wao wawili, wangali vijana, katika karakana ya mzee Battista. Gaudenzio alichonga fremu kwa mbao ya mjozi, mikono yake imepinda taratibu kama shingo ya bata, na hakuna mahali ambapo kidole kingepita kikahisi kiungo. Ersilia alishona ngozi. Ilikuwa ya watu watatu. Ilipokwisha, Gaudenzio akaichukua iwe zawadi ya harusi yake na Marcellina, na Ersilia akaolewa na dereva wa lori, mtu mwema, aliyefariki mapema. Hakukuwa na kisa chochote cha kuficha. Walikuwa mafundi wawili wa kazi moja, kila mtu akaenda kwake.

Marcellina aliipenda sofa ile hata hakuikalia. Aliiweka kwenye sebule ya wageni, akafunga madirisha jua lisiifike, akaifunika shuka. Padri aliikalia kila mwaka alipokuja kubariki nyumba kabla ya Pasaka, kwenye ncha tu, maana hata yeye aliogopa. Daktari aliikalia akiandika dawa. Gaudenzio aliikalia siku ya harusi, akiwa na suruali mpya. Baada ya hapo, alikaa jikoni kwenye kiti cha mbao kama watu wote wa nyumba za heshima, akiitengenezea dunia nzima mahali pa kustarehe. Marcellina alipofariki shuka lilibaki. Hakuna aliyekataza kuliondoa, ila hata mbwa aliyezoea mnyororo, ukimfungua, hulala pale pale.

Kiangazi kilichopita ndipo Ersilia, aliyezoea kupita kunywa kahawa, alipojishika nyonga akasema, "Gaudenzio, una sofa ya kumkalisha askofu, na mimi mwenye nyonga mbovu unanikalisha kwenye mbao. Ungekuwa na punda na farasi, ungempakia punda ili farasi asichafuke?"

Waliliondoa shuka pamoja. Mbao iling'aa kama jana. Ngozi ilikuwa imepasuka kila mahali, nyufa juu ya nyufa, kama shamba la mpunga lililokaushwa baada ya mavuno. Ersilia alipitisha kidole, vumbi la kahawia likabaki kwenye ncha yake.

"Imeliwa na nini?" aliuliza Gaudenzio. "Wadudu?"

"Haikuliwa na kitu. Ngozi inataka kukaliwa. Inataka joto la mtu, jasho lake, mtoto airuke, babu aisinzie. Hii haikuguswa na mtu." Akajifuta kidole kwenye aproni. "Imekufa kwa heshima, maskini."

Ndivyo kazi ilivyoanza.

"Nipishe basi," alisema sasa Ersilia, akilinyooshea shuka nyundo. "Mgongo umekwisha. Leo tutandike godoro kwenye kalio, kesho nivishe ngozi, kesho kutwa nifunge mizigo yangu."

"Mapema hivyo?"

"Mapema! Hata kanisa la Meda lilijengwa haraka kuliko sofa hii."

Gaudenzio alikuwa anatafuta uongo wa kufaa, na wa kufaa ulikuwa haupatikani, mlango ulipofunguka akaingia Iride.

Iride alikuwa mdogo wake marehemu Marcellina. Alikaa ghorofa ya juu katika ua ule ule, na kutoka kwenye roshani yake aliyaona mambo yote ya uani, na yasiyoonekana aliyakisia. Alikuwa mwanamke mnene, mzuri wa sura, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya reli. Mkononi alikuwa na kabichi mbili, maana majira ya kabichi na nyama ya nguruwe yalikuwa yameanza.

"Bado mnamchuna tu dada yangu," alisema.

"Tunaichuna sofa, shemeji," alisema Gaudenzio.

"Ni kitu kimoja. Marcellina angeona mnavyoipigapiga nyundo angefufuka. Miaka yote ile hata mimi, damu yake, sikuweka hata mkoba juu yake. Mara moja niliegemea mkono wa sofa nikifunga kiatu. Akaniambia, 'Iride, kule jikoni kuna stuli.' Siku ya ubatizo wa mwanangu!"

"Na ulitamani?" aliuliza Ersilia.

"Kutamani nini?"

"Kuikalia."

Iride aliweka kabichi juu ya benchi la kazi, moja, halafu nyingine, kwa uangalifu usio wa kabichi. "Kila mtu alitamani," alisema, sauti imeshuka. "Ndiyo maana ilifunikwa."

Ersilia alimtazama kidogo. Hakuwa mtu wa kucheka mbele ya anayesema kweli. Akalishika shuka kwenye pembe, akalinyoosha vizuri juu ya mikanda.

"Basi kaa."

"Nani, mimi?"

"Wewe. Nahitaji uzito wa mtu kujaribu mikanda kabla sijatandika. Mimi mwepesi, nitaidanganya. Huyu bwana ndiye aliyechonga, atasema nzuri hata ikimvunja kiuno. Wewe ni mtu wa haki, na ni dada wa mwenyewe. Ukikaa wewe, ni kama ruhusa imetolewa."

"Hapana!" alisema Gaudenzio.

Wanawake wote wawili wakamgeukia.

"Hapana nini?" aliuliza Iride.

"Mikanda... bado haijapoa."

"Haijapoa?" alisema Ersilia. "Mikanda ya mpira? Tuliipika?"

"Nimesema tu iachwe ipumzike. Haraka haraka haina baraka."

"Shemeji," alisema Iride, na sasa alikuwa ameshafungua aproni yake na kuikunja, "dada yangu alinizuia miaka yote hiyo nikavumilia, maana alikuwa dada yangu. Wewe huna cheo hicho."

Akageuka, akainua sketi kidogo kama mtu anayeingia mtoni, akakaa.

Mwanzoni halikutokea jambo. Iride alikaa wima, mikono juu ya magoti, kidevu juu, na usoni pake pakapita utulivu ambao Gaudenzio hakuwahi kuuona pale. Hata alifumba macho. Alikuwa kama malkia katika picha.

Kisha msumari mmoja ukaruka. Tak. Ukapiga kopo la gundi. Ukafuata wa pili, ukafuata wa tatu, halafu mikanda ikashusha pumzi, na Iride akaanza kuzama, taratibu, bila kupoteza heshima yake mara moja bali kidogo kidogo, mpaka makalio yake yakagusa sakafu ya karakana na miguu yake ikasimama juu yenye ndara za manyoya, na kichwa tu na ndara ndivyo vilivyoonekana kwenye fremu ile nzuri ya mjozi, kama kuku aliyeatamia kwenye kapu lisilo lake.

Ukungu ulikuwa umeegemea dirisha.

"Gaudenzio," alisema Iride kutoka ndani.

"Naam, shemeji."

"Ni Marcellina huyu, au ni wewe?"

Walimtoa kwa shida. Gaudenzio alivuta mikono, Ersilia alisukuma mgongo, na Iride alitoa maelekezo. Aliposimama alijipangusa, akajishika kiuno, na wote wakasubiri apige kelele. Badala yake mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akahitaji kuegemea, akaangalia pa kuegemea, akauona mkono wa sofa, akauegemea bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Ersilia hakucheka. Alikuwa amepiga magoti, miwani puani, anaitazama mikanda iliyobaki. Aliipima kwa kiganja kutoka mmoja hadi mwingine. Akaipima tena. Gaudenzio alijua kiganja kile kinasoma nini, akatamani Iride arudi akae juu yake.

"Mikanda hii si yangu," alisema Ersilia.

"Si yako vipi? Jana ulifunga wewe mwenyewe, nilikuona."

"Yangu niliibananisha huku nyuma, mtu anakoangukia, na mbele kwenye magoti nikaiachanisha. Makalio ya mtu hayakai kila mahali sawasawa, Gaudenzio. Fundi wa kuvisha viti anajua hilo kabla hajajua kusoma. Hii," akaigonga kwa kucha, "imepangwa kwa rula. Mmoja, nafasi, mmoja, nafasi, kama dirisha la benki. Mwivi aliyeingia humu alikuwa na haraka, lakini hakuweza kuiba bila kupima." Akavua miwani. "Nawajua watu wa namna hiyo. Wanachonga mbao."

Njia ya mwongo ni fupi, na ile ya Gaudenzio ilikuwa imeishia sakafuni. Alitazama viatu vyake.

"Labda panya," alisema.

"Wale wa sindano?"

"Ndio wale wale."

"Panya wenye rula."

Iride alichukua kabichi zake kwenye benchi. Kwenye mlango alisimama. "Shemeji, mwambie basi," alisema. "Au nikamwambie mimi kutoka roshani? Ua mzima unajua tangu Agosti. Mwoka mikate anajua. Padri anajua, na hujaenda kuungama. Asiyejua ni wewe peke yako." Akashuka ngazi ya mlango huku anajishika kiuno. Walimsikia uani akicheka tena peke yake.

Sasa walibaki watu wawili na sofa iliyotoboka.

Gaudenzio aliokota msumari sakafuni, akaugeuza vidoleni. Alikuwa amejiandalia maneno ya siku hii, maneno mazuri yenye mwanzo na mwisho, na akaona yote yameondoka na kabichi.

"Ulisema huachi kazi katikati," alisema mwishowe.

"Nilisema."

"Nikafikiri, isipokwisha hutaondoka."

"Hilo nimeshalielewa. Sindano kwenye sukari! Nusura niinywe na kahawa, ungeniua." Lakini aliendelea kupiga magoti pale pale, anamtazama. "Na ikiisha je?"

"Ikiisha ni sofa ya watu watatu, Ersilia, na mimi ni mmoja. Nitaifunika shuka. Najijua. Nitarudi jikoni kwenye kiti changu, na ngozi yako nzuri itapasuka tena." Akauweka msumari juu ya benchi. "Basi. Ndiyo hivyo. Sijui kusema vizuri kuliko hapo."

Ersilia alinyoosha mkono, Gaudenzio akadhani anataka kuinuliwa, akaupokea.

"Koleo," alisema Ersilia. "Nipe koleo."

Aling'oa mikanda yote ya rula. Akaifunga upya, mmoja mmoja, akiuvuta kila mkanda mpaka ukaimba, mbele uachane, nyuma ubanane. Gaudenzio alimpa misumari. Midomo ya Ersilia ilijaa tena, na safari hii hakukuwa na ubishi wa kushinda. Kwa kila mkanda uliokaza, Gaudenzio alilegea. Aliona ni haki. Mtu ameharibu kazi ya mwenzake kwa mkono wake mwenyewe, mwenzake anaitengeneza kimya, anaimaliza, anapanda treni. Hata angelaumiwa ingekuwa afadhali. Alifikiri ghorofa ya tano ya Genova na dirisha linalotazama ukuta, akafikiri pia kwamba huko huenda wana lifti, na lifti ni nzuri kwa nyonga. Alijitahidi kuifurahia lifti ile.

Mkanda wa mwisho ulipokaza, Ersilia aliegemeza viganja vyote viwili kwenye kalio na kulisukuma kwa uzito wake wote. Likashuka kidogo, likamrudisha.

"Hii sasa mkalishe hata Iride na mumewe na nguruwe wao," alisema.

"Ni kazi nzuri," alisema Gaudenzio. Ilikuwa kweli, na ilimuuma.

Ersilia alikwenda kwenye benchi. Pale palikuwa na ganda la ngozi la kukalia, limeshonwa tayari, limekunjwa ndani ya karatasi: ngozi mpya kutoka Toscana, rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa kidogo, kazi yake ya majuma mengi. Alilifunua, akalipeleka dirishani penye mwanga uliobaki, akaufuata mshono mrefu wa mbele kwa kidole gumba, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akaurudia.

"Mshono huu umepinda," alisema.

Gaudenzio alisogea. Alikuwa na aibu, alikuwa na huzuni, lakini kabla ya hayo yote alikuwa fundi, na jicho la fundi halijui siasa. Aliutazama. Ulikuwa mshono ulionyooka kuliko yote aliyowahi kuiona, tundu baada ya tundu, kama njia ya sisimizi kwenye meza.

"Wapi? Mbona umenyooka. Ningeweka rula hapa—"

"Usiniletee rula."

"Lakini Ersilia, kwa haki ya Mungu, hata milimita—"

"Gaudenzio." Alimtazama juu ya miwani, muda mrefu, kama mtu anayemsubiri mtoto amalize kufunga kamba za viatu. "Nimesema umepinda."

Ilimchukua muda. Mtu wa mbao anaelewa polepole, kama mbao inavyokunywa mafuta. Kwanza alifunga mdomo. Kisha akautazama tena mshono. Kisha masikio yake yakawa mekundu.

"Kweli," alisema. "Umepinda."

"Umepinda sana."

"Aibu. Mtu hawezi kukaa juu ya mshono wa namna hiyo."

"Usizidishe," alisema Ersilia. Akatoa kisu kidogo mfukoni mwa aproni, akatafuta fundo la mwisho wa uzi, akalikata. Uzi wa nta ulitoka kwenye tundu la kwanza kwa sauti ndogo, halafu la pili. Mkono wake haukuwa na haraka yoyote.

"Na chumba chako?" aliuliza Gaudenzio. "San Martino imefika. Mwenye nyumba anakitaka."

"Anakitaka, atakipata. Mizigo yangu itapakiwa siku ile ile kama ya watu wote. Lakini mkokoteni hauna lazima ya kufika stesheni. Unaweza kuingia ua huu." Alivuta tundu jingine. "Una sebule ya wageni humo ndani, yenye madirisha yaliyofungwa. Nitayafungua. Mlango uwe na ufunguo, na ufunguo niwe nao mimi, mpaka nitakapoamua vingine. Fundi anahitaji kukaa karibu na kazi yake."

"Watu watasema."

"Wamesema tangu Agosti. Watakuwa wamechoka."

Ersilia alikwenda kwenye ujia, pale simu ilipokuwa ukutani, na Gaudenzio akasikia upande mmoja wa mazungumzo huku akijifanya anafagia misumari.

"Fulvio? Mama hapa. Hapana, sijambo. Hapana, sikuanguka. Sikiliza, ile sofa bado... Najua nilisema. Mshono umepinda, mwanangu, nifanyeje, nimwachie mtu mshono uliopinda?... Ngozi haipelekwi mbio... Sijui. Labda Krismasi. Labda Pasaka, padri akija kubariki, tuone." Akasikiliza kidogo. "Ndiyo, anasaidia. Anasaidia sana. Bila yeye ningekuwa nimeshamaliza."

Aliporudi, mwanga ulikuwa umebaki wa kuona mikono tu. Gaudenzio alikuwa amelitandika shuka la Marcellina juu ya mikanda, mara mbili, liwe laini, na amesimama kando yake kama bawabu wa hoteli.

"Ni mikanda mitupu," alisema. "Lakini kwa nyonga yako ni afadhali kuliko kile kiti."

Ersilia alikaa. Gaudenzio alikaa upande wa pili, kwenye ncha, kama padri.

"Sogea," alisema Ersilia. "Mikanda ni yangu, haitakumeza."

Akasogea. Fremu haikulia. Kati yao palibaki nafasi ya mtu wa tatu, na juu ya nafasi ile Ersilia aliweka ganda la ngozi lenye mshono uliofumuliwa nusu, na juu yake sindano, imechomwa mahali inapoonekana.

"Kesho tunaanzia kona hii," alisema. "Na kopo la sukari nitalichungulia kwanza."